Fuko Mwenye Masikio

Kwa miaka thelathini na mitatu kazi yangu ilikuwa kununa. Najua wapo wanaonuna bure, majumbani mwao, bila hata posho. Mimi nililipwa mshahara na mafuta ya gari juu yake. Msaka vipaji wa besiboli anakaa nyuma ya mpigaji, safu ya nne, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, saa ya kupimia mbio imefichwa kiganjani, na haruhusiwi kufurahi. Hapigi makofi. Hasimami. Kijana akipiga mpira ukavuka ukuta, ukavuka barabara, ukatua kwenye ndoo ya maziwa ya mtu, msaka vipaji anapiga mwayo na kuuliza soseji zinauzwa wapi. Pembeni yake wamekaa wasaka vipaji wengine sita wa klabu nyingine, nao wamenuna vilevile, na yeyote atakayetabasamu kwanza amewaonyesha wenzake pa kuchimba, na bei imepanda hapo hapo.

Niliwahi kukaa na mwenzetu mmoja aliyefariki zamu ya tatu ya mchezo, na hatukugundua mpaka zamu ya nane. Tulidhani kaona kipaji na anajikaza.

Katika miaka hiyo yote nilipendekeza vijana mia mbili na kitu. Hakuna hata mmoja aliyefika ligi kuu. Mmoja leo ni mchungaji wa kanisa, mmoja anauza matrekta, na mmoja alitoroka na mke wa kocha. Huyo ndiye aliyefika mbali kuliko wote, maana alifika Alaska. Pale ofisini kwetu kuna ujia mrefu wa kuelekea msalani, na ukutani wametundika vibao vya shaba. Kila kibao kina jina la mchezaji aliyefika juu, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la aliyemwona kwanza. Miaka thelathini na mitatu nimepita pale nikienda kujisaidia, nikisoma majina ya watu wengine. Hakuna kitu kinachoharibu tumbo kama hicho.

Basi mwaka ule, mwezi wa Juni, bosi wangu akaniita. Jina lake Lindqvist, mtoto wa miaka thelathini na minne, ana meno mazuri na kompyuta tatu, na sidhani kama amewahi kukalia benchi la mbao lenye kijiti kilichochomoza.

"Orville," akasema, "kompyuta zinaona zaidi yako na haziombi mafuta ya gari."

"Kompyuta inajua kama kijana analala na viatu?"

"Hatuhitaji kujua hilo."

"Ndiyo maana mnafungwa."

Akacheka na meno yake yote. Kisha akanieleza kwamba mkataba wangu unaisha mwisho wa Julai, siku ile ile dirisha la kubadilishana wachezaji linapofungwa. Nikimletea jina moja kabla ya hapo, jina moja tu linalofaa, basi nitamaliza vizuri na kibao changu kitatundikwa. Nisipoleta, nirudishe gari likiwa safi.

Nikaenda Tillery, jimbo la Iowa, ambako timu ya ligi ndogo inaitwa Mafuko. Ni yule mnyama wa kuchimba chini ya bustani, asiyeona mbele wala nyuma. Mji una mashamba ya mahindi pande zote nne, na katika viumbe wote wa Mungu wakachagua huyo. Simba walikuwepo, tai walikuwepo. Kila mchezo kuna mtu anayevaa vazi la manyoya ya fuko na miwani myeusi, anazunguka uwanjani akijigonga kwenye nguzo kwa makusudi, na watoto wanampenda kuliko wachezaji. Si jambo la ajabu ukiwaona wachezaji.

Ila yupo mmoja. Tobin Hruska, miaka ishirini, mtoto wa wakulima wa Nebraska, mrefu, mkimya, shingo imeungua na jua. Alikuwa analinda nyuma kabisa, katikati, lile eneo pana ambako mipira mirefu huenda kufia. Jumatatu ile, zamu ya nne, mpigaji wa wageni akaupata mpira sawasawa. Gongo likalia *ta!* Hapo mlinzi yeyote aliyezaliwa na mwanamke huinua uso autafute mpira angani. Tobin hakuinua. Aligeuka, akaupa mpira mgongo, akakimbia huku akitazama nyasi kama mtu aliyedondosha ufunguo wa nyumba. Hatua tatu kabla ya ukuta akanyoosha glovu juu ya bega, bila papara, na mpira ukaingia mle kama kuku anayerudi bandani.

Moyo wangu ulipiga kwata. Mimi nikapiga mwayo. Nilipiga mwayo mkubwa mpaka taya likalia.

Kulia kwangu alikuwa Burl Tackett, msaka vipaji wa klabu hasimu, mwanamume mnene mwenye mashavu ya mtoto na roho ya mkusanya kodi. Tumekaa viti jirani miaka ishirini na hajawahi kuninunulia hata maji.

"Umemwona yule?" akauliza, huku akitema maganda ya alizeti.

"Yupi?"

"Yule wa kati. Mbona haangalii mpira?"

Nikashusha pumzi. Nikavua kofia, nikaivaa tena.

"Kwani hujasikia?" nikasema kwa sauti ya msibani.

"Kusikia nini?"

"Basi, yaishe. Mtoto wa watu, sitaki kumharibia."

"Kratzer, usinifanyie hivyo."

"Macho, Burl. Haoni. Mpira ukishapanda juu ya mapaa, kwake umekwisha. Anausikiliza."

"Acha uongo wako, babu!"

"Haya, nimedanganya. Tuangalie mchezo."

Hapo nikanyamaza kweli, nikala karanga zangu. Mwongo anayeanza huongeza maneno. Mwongo mzoefu huyarudisha mfukoni. Burl hakuvumilia hata mpigaji mmoja.

"Anausikiliza vipi?"

"Gongo likilia *ta*, ni mbali. Likilia *tu*, ni karibu. Likilia *ka*, limevunjika, anabaki palepale."

"Na akikosea?"

"Umeona lile kovu kwenye paji la uso?"

Hakuwa na kovu lolote. Burl akachukua darubini, akamtazama muda mrefu, kisha akasema polepole, "Ee bwana. Naliona."

Jioni ile niliandika taarifa yangu. Sisi tunampima mchezaji kwa alama, kuanzia ishirini, ambayo ni aibu, mpaka themanini, ambayo hutolewa kwa malaika. Kwenye mbio niliandika sabini, mkono sitini, macho sabini na tano. Nikaituma kwa Lindqvist nikalala usingizi wa mtu aliyekwishachagua pa kutundika kibao chake: kati ya mlango wa msalani na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

Uongo wangu ulikuwa na afya njema. Jumanne ulikula chakula cha mchana mji wa jirani. Jumatano ulivuka mto Mississippi. Alhamisi simu yangu ikalia.

"Orville, taarifa yako inasema macho sabini na tano."

"Ndiyo, bosi."

"Watu watatu tofauti wameniambia kijana haoni."

"Watu gani hao?"

Akawataja. Wa kwanza alisikia kwa Burl. Wa pili alisikia kwa wa kwanza. Wa tatu alikuwa Burl.

"Bosi, huo uongo ni wangu. Nimeutunga mwenyewe, Jumatatu, zamu ya nne, huku nakula karanga."

"Kwa hiyo unakiri kwamba ulidanganya."

"Nakiri."

"Na sasa unataka nikuamini."

"Hilo ndilo ombi langu."

Nikasikia anabonyeza kompyuta zake, labda akiziomba ushauri.

"Mmoja wao amesema ana kovu kwenye paji la uso."

"Hana kovu, bosi!"

"Ameliona kwa darubini, Orville."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha hoteli nikajionea huruma. Nimedanganya watu maisha yangu yote na kazi imekwenda vizuri. Nimesema ukweli mara moja tu, na tazama. Lindqvist akasema atakuja mwenyewe Jumatano ijayo. Kijana akidaka, atamwomba kwa mabadilishano na kibao ni changu. Akidondosha, nirudishe gari palepale Tillery na nirudi nyumbani kwa basi.

Haikunitisha. Kijana alikuwa na macho ya tai. Nilijua mimi, aliyemsingizia. Kilichobaki ni kusubiri Jumatano.

Jumamosi mchezo ulipoanza, mama mmoja alikuja akaketi karibu yangu bila kuuliza kama pana mtu. Alikuwa na mikono ya kukamulia ng'ombe na kasha la bati magotini. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kolachi, ile mikate midogo ya Wacheki wa Nebraska yenye jemu ya plamu katikati. Nikanyoosha mkono. Akafunga kasha, nusura anikate vidole.

"Wewe ndiye Kratzer?"

"Inategemea nani anauliza, mama."

"Ludmila Hruska. Mama yake Tobin. Nani kasema mwanangu haoni?"

Burl, upande wa pili, ghafla akawa anasoma orodha ya wachezaji kwa makini makubwa, ameishika juu chini.

"Mama, watu wanasema mengi..."

"Watu wamesema wewe. Nimeuliza safu nzima. Kila mmoja kasema kasikia kwa mwingine, na mwisho wa foleni upo wewe na karanga zako."

"Mama, nisikilize. Ule ulikuwa uongo mtupu. Mwanao ana macho mazuri kuliko..."

"Nyamaza. Uongo wako umefika kwa wakubwa wa klabu inayommiliki. Jana wamempeleka kwa daktari wa macho." Akafungua kasha tena, akatoa kolachi moja, akaila yeye. "Jicho la kulia zima kwa karibu, mbali ni ukungu. La kushoto linaona kama dirisha la bafuni."

Nikasahau kununa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu nianze kazi.

"Unasema kweli?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa hivyo hapa?"

Kisha akanieleza, nusu kwa hasira na nusu kwa mshangao wake mwenyewe. Hawakujua. Mtoto hakuwahi kulalamika, maana hakuwa na macho mengine ya kulinganisha. Anapiga kwa kushoto, kwa hiyo jicho la kulia, lile zima, ndilo linalomtazama mrushaji. Na kudaka alifundishwa na marehemu baba yake, ambaye hakutaka kuharibu mahindi: baba alisimama upande mmoja wa ghala la nafaka na gongo, mtoto upande wa pili, mipira ikipita juu ya paa. Mtoto hakuona gongo wala mkono. Alisikia mlio tu, kisha akaenda kusubiri. Walifanya hivyo kila siku kwa miaka tisa.

"Kumbe anausikiliza," nikasema.

"Anausikiliza," akasema.

Burl akageuza ile orodha ikakaa sawa.

Sijui kama umewahi kuzua kitu, kisha ukakikuta kimekaa sebuleni kwako kinakunywa kahawa. Nilijisikia nabii, na sikuipenda kazi hiyo hata kidogo. Taarifa yangu ya macho sabini na tano ndiyo ilikuwa uongo, na ule uongo ndio ulikuwa taarifa bora kuliko zote nilizowahi kutoa.

"Wamempa miwani," akasema mama Tobin. "Kuanzia Jumatano anaivaa. Daktari kasema sasa atacheza mara mbili ya alivyokuwa."

Daktari yule nadhani hajawahi kudaka hata soksi.

Jumatano ikafika, saa nne na nusu asubuhi, na hapo ndipo nilipokumbuka nilichopaswa kukumbuka mapema. Kila timu ya ligi ndogo ina siku moja ya kiangazi ya kucheza asubuhi, na kambi zote za watoto za wilaya nzima huletwa kwa mabasi ya njano. Walikuja elfu tatu na mia tisa. Kila mmoja na filimbi ya plastiki aliyopewa mlangoni, zawadi ya kampuni ya bima, na sitaki kujua bima hiyo inakinga nini. Kelele ile ilianza kabla ya wimbo wa taifa na haikupumzika. Ndege waliokuwa wanaruka kuelekea Canada waligeuka wakarudi kusini. Mzee mmoja mlangoni, aliyekuwa kiziwi tangu vita vya Korea, alilalamika.

Lindqvist alikaa kushoto kwangu na kompyuta moja mapajani. Burl kulia, na wengine watano baada ya Burl, wote wamenuna kwa ustadi. Mama Tobin alikuwa safu ya kwanza, karibu na uzio, na kasha lake.

Tobin akatoka na miwani.

Zamu ya pili mpira mwepesi ulipigwa kuelekea kwake, mpira ambao hata shangazi angeudaka. Akainua uso. Kwa mara ya kwanza maishani aliuona mpira wote, na mshono wake mwekundu, na mawingu nyuma yake, na nadhani na malaika kadhaa, maana alisimama kinywa wazi mpaka ukamwangukia mguuni. Zamu ya nne aliuacha mwingine akiwa amegeuka kuutazama ukuta. Pale ukutani kuna tangazo la nyumba ya mazishi ya mjini: *Hatuna Haraka, Tunakungoja*. Alikuwa amelinda mbele ya tangazo lile tangu Aprili na hakujua limeandikwa nini. Akalisoma lote.

"Macho sabini na tano," akasema Lindqvist, akibonyeza.

"Ni ugeni wa miwani, bosi."

"Unarudi kwa basi la saa ngapi?"

Burl akachekea ndani ya kola.

Nikashuka mpaka kwenye uzio kama mtu anayetafuta msala, nikainama kwa mama Tobin.

"Mama, mwambie avue."

"Daktari kasema avae!"

"Daktari hajui ghala. Mwambie avue, afanye kama kwenye ghala."

Akanitazama kwa muda, akinipima alama zake mwenyewe, na sidhani nilivuka ishirini. Kisha timu zilipobadilishana, Tobin akapita karibu, mama akampigia mluzi kama anavyoitwa mbwa wa shamba. Wakazungumza maneno mawili matatu ya Kicheki. Kijana akavua miwani, mama akaifungia kwenye kasha, chini ya kolachi.

Nikarudi kitini nikiwa nimejipongeza, na nilikuwa nimekaa sekunde kumi tu nilipogundua ujinga wangu. Bila miwani haoni. Na kwa filimbi elfu tatu na mia tisa, hasikii. Nilikuwa nimechukua mlinzi bora niliyewahi kumwona, nikamfanya nguzo.

Mungu alituonea huruma kwa zamu nne. Hakuna mpira uliokwenda kwake. Lindqvist alikuwa ameshafunga kompyuta. Ikafika zamu ya tisa, ya mwisho. Mafuko wanaongoza kwa moja. Wageni wametolewa wawili, amebaki mmoja wa kutoa, lakini wana wakimbiaji wawili kwenye vituo, na aliyeingia kupiga ni jitu moja lenye mikono ya kung'olea miti. Kila mtu alijua atapiga mbali, na kila mtu alijua ni katikati. Nikamtazama Tobin kule nyuma. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anatega sikio, na anatikisa kichwa. Hapati kitu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unafungua na kufunga glovu, unafungua na kufunga.

Nimeona vijana mia mbili wakishindwa, na nilipiga miayo mia mbili. Yule sikuweza.

Mtangazaji wa uwanja alikuwa nyuma yangu hatua mbili, kwenye meza ya wazi, kwa sababu kibanda chake cha vioo kilivunjwa na mvua ya mawe mwezi wa Mei. Nikasimama. Kumbuka sheria ya kazi yetu. Nilisimama, mimi Orville Kratzer, mbele ya wasaka vipaji sita, nikampokonya mtu kipaza sauti.

"Watoto wapendwa!" nikasema, na uwanja mzima ukaunguruma. "Hapa anazungumza Mkurugenzi wa Aiskrimu!"

Filimbi zikapungua kidogo.

"Kambi itakayonyamaza kimya kabisa, kuanzia sasa hadi mpira ujao udakwe, itapata aiskrimu bure. Mbili kila mtoto! Lakini mtoto mmoja akitoa sauti, mmoja tu, hata akikohoa, kambi yake yote ikose!"

Nimesikia watu wakisifu kimya cha makanisa na cha jangwani. Ni kelele tupu. Watoto elfu tatu na mia tisa walikuwa wamebana midomo, na wenyewe kwa wenyewe wakizibana kwa viganja. Kuna mtoto alishikwa na chafya akaimeza. Mtu wa vazi la fuko alisimama mguu mmoja juu. Nilisikia mahindi yakikua nje ya ukuta. Mwamuzi akaangalia huku na huku, hakupata sheria iliyovunjwa, akaashiria waendelee.

Mrushaji akarusha.

*Ta.*

Tobin alikuwa amekwishageuka. Akaupa mgongo, akainamisha uso kwenye nyasi, akakimbia. Nilisikia viatu vyake kutoka mita mia moja. Mpira ulipanda mpaka ukawa mbegu, ukaanza kurudi. Alifika kwenye tangazo la mazishi, akaweka mkono wa kulia ukutani kama mtu anayepapasa swichi ya taa, akaruka, akanyoosha glovu asikotazama.

*Pa.*

Kisha zile filimbi zote kwa pamoja. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimepanda juu ya kiti cha mtangazaji, napiga makofi juu ya kichwa, napiga kelele, "Ghala! Ghala!" mpaka sauti ikakauka. Nilipogeuka, safu ya nne nzima ilikuwa imegeuka pia. Wasaka vipaji sita walinitazama jinsi fisi anavyotazama harusi. Halafu, wote kwa mpigo mmoja, wakaingiza mikono mifukoni wakatoa simu.

"Bosi!" nikamwambia Lindqvist. "Umeona?"

"Nimeona," akasema, na nitamtendea haki: rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Sijawahi kuona kitu kama kile." Naye akapiga simu. Ilikuwa inatumika. Akapiga tena, bado inatumika. Alipompata mkubwa wa klabu ya kijana, dakika arobaini zilikuwa zimepita na Burl alikuwa ameahidi kutoa warushaji wawili na mdakaji mmoja badala yake.

"Tungempata kwa mrushaji mmoja mbovu," akasema Lindqvist tulipokuwa tunatoka. "Watu wote walikuwa wanaamini haoni. Bei ilikuwa chini kabisa. Ulikuwa umeshafanya kazi nzuri sana, Orville."

"Najua."

"Ukasimama."

"Nilisimama, bosi."

Aiskrimu ilikuwepo ya watoto mia mbili. Hao wengine walimkamata mtu wa fuko maana ndiye aliyekuwa karibu, wakaondoka na mkia wake na miwani. Mimi nilitokea mlango wa jikoni, nikarudi kwa basi la saa kumi. Kabla sijapanda, mama Tobin alinikuta kituoni. Hakusema asante, wala sikustahili. Alinipa kasha zima la bati, akasema nirudishe kasha. Chini ya kolachi nikaikuta ile miwani ya Tobin. Aliisahau, au hakuisahau.

Tobin yuko ligi kuu mwaka wa nne sasa. Amezoea lenzi, wanasema, ila bado anaupa mpira mgongo, na wachambuzi wa televisheni wana maelezo marefu ya kisayansi kuhusu jambo hilo, yote ya uongo na yote ya kiwango cha chini. Kibao kimetundikwa, kwenye ofisi ya klabu nyingine, na herufi ndogo zinasema Burl Tackett. Aliwahi kuhojiwa. Akaulizwa alimgunduaje. Akasema, "Nilimwona ana kovu kwenye paji la uso, nikajua huyu ni mpambanaji."

Mimi nipo nyumbani, nimestaafu, sinuni tena isipokuwa kwa hiari. Kila Jumapili mchana wakicheza nakaa mbele ya televisheni na kidude cha kubonyezea mkononi. Mrushaji akijiandaa na mpigaji akiwa jitu, nazima sauti.

"Orville," mke wangu ananiambia, "yuko Chicago. Hujui kwamba hakusikii?"

"Simsemeshi, namzimia kelele. Asipolisikia gongo atakosea."

Anatikisa kichwa, anarudi jikoni. Skrini iko kimya. Gongo linapita, kijana anageuka, anatazama nyasi. Na akishadaka nasimama wima katikati ya sebule yangu, napiga makofi kadiri ninavyotaka, mpaka mbwa anabweka. Bei yake ipande ifike inakotaka.